Tuisheni ya hisabati Kitangiri: mtoto anaelezwa kwa nini

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na binti yangu yuko Darasa la Saba. Wazazi wenzangu sokoni wameniuliza sana kuhusu tuisheni yake ya jioni huko Kitangiri, shilingi 1,000 kwa siku, kwa hiyo naandika.

Alikokuwa mwanzo walimwambia namba ikihama upande inabadilika alama, basi. Kwenye x + 5 = 20 ilimtosha. Akikuta 3x = 27 anaandika 27 − 3, anapata 24. Iliniuma, maana mtoto alikuwa anafuata alichofundishwa.

Mwalimu wa hapa hataki kusikia habari ya kuhamisha. Siku niliyokaa nyuma kusikiliza, swali lilikuwa la kwetu kabisa: umenunua sado tatu za dagaa, bajaji ukailipa 2,000, zimekutoka 29,000. Sado moja bei gani? Wakaandika 3s + 2,000 = 29,000. Akauliza: kipi kiliingia mwisho? Nauli. Basi nauli itoke kwanza. Wakatoa 2,000 huku na huku, maana mizani ukiipunguza upande mmoja tu inalala. Ikabaki 3s = 27,000, wakagawanya pande zote kwa 3, s ikawa 9,000.

MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) wote wanaijua kwa kukokotoa. Hapa wanajifunza kwamba kumtafuta s ni kuirudia kinyumenyume: nyongeza inaondolewa kwanza, kuzidisha kunafuata. Anayetaka kuanza kwa kugawanya hakatazwi, ila aigawanye na nauli pia, 2,000 kwa 3, na sehemu zitakazotokea azibebe mwenyewe. Lakini kwenye 2(x + 3) = 16 kuanza kwa kugawanya ndiyo njia fupi: x + 3 = 8, x ni 5. Mtoto anaachwa achague, na hilo nalipenda mno.

Tena jibu halipewi vema mpaka lirudishwe kwenye swali: 9,000 mara tatu, ongeza 2,000, imetimia 29,000. Binti yangu sasa anafanya hivyo hata nyumbani bila kuambiwa.

Kasoro zipo. Chumba ni kidogo, na jua la jioni linapiga ubaoni. Wa nyuma hawaoni alama ya kutoa, na alama hiyo ikikupita swali zima limeharibika. Madaftari nayo hayasahihishwi yote.

Mwalimu, kama unasoma hapa, tunaomba ubao uhamie ukuta wa mlangoni. Na maswali kama 5x − 4 = 2x + 8, yenye x pande zote mbili, unayapitia mbio mno. Yape jioni nzima kabla ya mtihani wa Septemba, hata kwa kuongeza nusu saa. Tutalipa.