Kadi ya benki hii: kitufe kizuri, watu wa simu hapana

Wizi wenyewe haukunishangaza. Siku hizi kadi ya Visa inaibiwa ikiwa ndani ya pochi yako. Mwizi anataka tu namba za mbele, tarehe ya kuisha na zile tarakimu 3 za nyuma. Walianza na dola 1, kuonja kama kadi ina uhai, kisha wakafyeka pesa ya maana kwenye duka la mtandaoni ambalo hata jina lake silijui. Meseji za makato ziliingia usiku nimelala. Sawa, wezi ni wezi.

Aliyenivuruga ni kaka wa huduma kwa wateja. Muziki wa kusubiri umeshanimalizia salio, naanza kueleza, ananikatiza: "Dada, OTP uliingiza wewe mwenyewe, au kuna mtu ulimpa." Kaka yangu, OTP, ile namba ya siri ya mara moja ya kuthibitisha malipo, haikuja kwenye simu yangu. Anarudia yale yale. Haikuja! Meseji za kukatwa ninazo, ya OTP hakuna. Yapo maduka ya nje yasiyouliza OTP kabisa, na hilo yeye ndiye wa kunieleza mimi. Tena duka likiruka hatua hiyo, kwa kawaida hasara ya wizi huwaangukia wenye duka, ilimradi benki ifungue madai mapema. Jibu lake? "Nenda tawini na kitambulisho." Akakata simu.

Tawini, kusema haki, mambo yalikuwa tofauti. Dada mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akanijazisha fomu ya kupinga makato, akanionyesha kitufe kwenye programu yao ya simu: unazima malipo ya mtandaoni, unawasha ukitaka kununua, ukimaliza unazima tena. Jamani, kitufe hiki ni raha! Ila kwa nini nilikabidhiwa kadi mlango ukiwa wazi, na funguo nikaja kuonyeshwa baada ya kuibiwa?

Pesa ilirudi, ingawa ilichukua wiki kadhaa. Nilikuwa tayari kuwapa nyota 4, nisahau yaliyopita. Halafu juzi nikakuta nimekatwa ada ya kadi mpya. Ada! Ya kadi niliyobadilishiwa kwa sababu ya wizi!

Nyota 2, zote za yule dada. Mwenye kadi yao aingie kwenye mipangilio azime leo hii. Mimi ningeshahama, ila mshahara unapitia hapo.