Kamera ya Kuanzia Kupiga Picha za Nyota: Ushauri kwa Mnunuzi wa Dodoma

Chaguo la kwanza ni kamera ya DSLR (kamera kubwa ya kubadilishwa lenzi) iliyokwisha kutumika, kama Canon EOS 600D au Nikon D5300, na sababu si wingi wa megapikseli bali ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga, pamoja na kioo cha nyuma kinachofunguka na kugeuzwa. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo usiku wa Juni hadi Agosti, mawingu yakiwa machache, kitovu cha Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota, hupanda juu sana angani, na asiye na kioo cha kugeuza hujikuta amelala vumbini akichungulia kwa chini kama fundi wa magari.

Fedha inayobaki iende kwenye lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8 (namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi). Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa hadi milimita 55, huishia f/5.6, na tofauti hiyo ni mwanga wa karibu mara kumi. Mwenye D5300 anaweza hata kuchukua lenzi ya zamani ya Nikon iitwayo AF-D, ambayo kwenye kamera hiyo haijifokasi yenyewe. Kwa nyota hiyo si kasoro, kwani fokasi huwekwa kwa mkono, nyota angavu ikikuzwa kiooni hadi iwe nukta ndogo kabisa. Kwa kuwa dunia inazunguka, lenzi ya milimita 50 huruhusu sekunde 6 hivi kabla nyota hazijawa mistari, ilhali milimita 18 huruhusu kama 17.

Kabla ya kulipa, funika lenzi, weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, piga picha ya sekunde 30, kisha ikuze. Vinukta vichache vya rangi ni kawaida. Vikitapakaa kama mtama uliomwagika, mrudishie muuzaji kamera yake.

Nafasi ya pili naipa Sony a6000, ambayo ni nyepesi na ina kihisi kizuri cha megapikseli 24. Naiweka nyuma kwa sababu betri yake huisha mapema na lenzi zake za mtumba ni adimu zaidi na ghali.

Ya tatu ni Nikon P900, yenye kuvuta mara 83. Kwa mashimo ya mwezi na miezi minne mikubwa ya Mshtarii inafurahisha kweli, na mtoto wa nyumbani ataipenda kuliko zote. Hata hivyo, kihisi chake ni kidogo mno na haihifadhi faili za RAW (picha ghafi zisizobanwa na kamera), kwa hiyo Njia ya Maziwa isitarajiwe humo. Kamera ndogo za mfukoni zisizo na sehemu ya kupanga sekunde mwenyewe sizipi nafasi yoyote.

Stendi nayo ihesabiwe ndani ya bajeti tangu mwanzo. Mwaka wa kwanza nilinunua ile nyepesi ya plastiki, nikaenda nayo Hombolo mwezi Julai, na upepo ukanirudisha na picha arobaini ambazo kila nyota ilikuwa na pacha wake. Siku hizi natumia ya chuma, miguu yake ya chini nikiiacha bila kuirefusha, na katikati naning'iniza mfuko wa rambo uliojaa mchanga, ukigusa ardhi kidogo ili nao usibembee.