Stendi ya kupigia picha sampuli za mimea: tathmini baada ya mwaka mmoja wa matumizi

Stendi ninayoizungumzia ina nguzo moja ya chuma, kitako kizito cha mbao, mkono unaoshika kamera ikitazama chini, na taa mbili za LED, moja kila upande. Tumeitumia kwa mwaka mzima katika hebariamu ndogo yenye sampuli zisizofika elfu saba, tukiwa watu wawili wenye majukumu mengine pia, na ninaandika kwa ajili ya wenzetu wanaotunza makusanyo ya mimea mikavu ya ukubwa huo, ambao fedha zao hazitoshi kununua kifaa kisha kukiacha kabatini.

Mwanzoni tulifikiria skana ya mezani. Skana hutoa picha nzuri sana, lakini inataka karatasi iliyobandikwa sampuli ilazwe kifudifudi, na sampuli iliyokaushwa haifai kugeuzwa hivyo hata mara moja, kwa sababu mbegu hudondoka na petali zilizokauka kwa miongo mingi huvunjika kwa kuguswa tu. Kifaa kiitwacho HerbScan, kilichotumika katika bustani ya mimea ya Kew nchini Uingereza, kiliondoa tatizo hilo kwa kuigeuza skana yenyewe itazame chini, huku karatasi ikiinuliwa taratibu hadi kwenye kioo. Hata hivyo, skani moja ya pikseli 600 kwa inchi huchukua dakika kadhaa, na faili lake lisilobanwa hukaribia megabaiti 200. Kamera ya megapikseli 24 iliyofungwa kwenye stendi hii hutupatia pikseli zipatazo 330 kwa inchi juu ya karatasi ya sentimita 42 kwa 29, na picha hupatikana papo hapo, sampuli ikiwa imelala chali muda wote. Kwa sampuli zile ambazo jina la spishi limesimikwa juu yake, yaani sampuli rejea za spishi hiyo, bado ningependekeza pikseli 600. Kwa nyingine zote, kiwango hiki kinatosha.

Nilihakikisha hilo kwa kangaga moja lililobandikwa huku upande wa chini wa jani ukitazama juu. Nilipoikuza picha kwenye skrini, vifuko vya spora vilionekana kimoja kimoja vikiwa vimejipanga kandokando ya mshipa, na utando mwembamba unaovifunika ulionekana bado upo kwenye baadhi yake, jambo ambalo mtaalamu wa makangaga huliangalia mapema anapotaka kutambua jenasi. Rangi nazo zimekuwa za kuaminika, mradi kadi ya rangi na rula viwekwe ndani ya kila picha bila kuruka hata moja. Pale stendi inaposhindwa ni kwenye vitu vinene. Ganda la mbegu lililonyanyuka sentimita nne juu ya karatasi halitoki sawasawa pamoja na lebo iliyo chini yake; kufunga tundu la lenzi hadi f/11 husaidia, lakini ukizidisha hapo picha nzima huanza kupoteza makali. Sampuli za namna hiyo tunazipiga mara mbili, fokasi mara ya kwanza ikiwa juu ya tunda na mara ya pili ikiwa juu ya karatasi.

Kasoro kubwa ilikuwa kwenye kibano cha mkono. Baada ya miezi miwili kilianza kuteleza kidogo kidogo kwa uzito wa kamera, mteremko usioonekana kwa macho, na tuligundua tu tulipokagua picha za wiki nzima na kukuta maandishi ya lebo yamefifia kingo. Ilitubidi kurudia karatasi zaidi ya mia mbili, na kila kurudia ni kuzitoa tena kabatini sampuli ambazo hazikustahili kusumbuliwa. Muuzaji alituletea nati nyingine yenye meno, na tangu hapo hakijateleza. Pamoja na hayo, kila asubuhi tunaweka pimamaji juu ya kitako, kisha juu ya kamera, na tunaikuza picha ya kwanza na ya mwisho ya kila kikao. Ningependa maelekezo yanayokuja na stendi yaseme hivyo kwa herufi kubwa.

Maelekezo hayo hayagusi kabisa kazi inayotangulia picha, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoamua thamani ya kifaa. Kabla ya kupiga, kipande kilicholegea hufungwa kwa utepe wa kitani au gundi ya selulosi ya methili, na majani yaliyodondoka huingizwa kwenye bahasha ndogo ya karatasi isiyo na asidi inayobandikwa pembeni. Baada ya kupiga, karatasi zote zilizokaa nje ya kabati hurudi kwenye friza ya nyuzi -20 za selisiasi kwa siku zisizopungua saba, zikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, kwa hofu ya mbawakawa wa tumbaku, mdudu anayekula mimea mikavu. Zikitolewa, mfuko haufunguliwi mpaka upate joto la chumba, ili unyevu ugande nje ya plastiki na si juu ya mmea. Anayepanga ratiba yake kwa kuhesabu picha peke yake atakosea vibaya.

Programu iliyokuja na stendi husoma msimbopau ulio kwenye picha na kuifanya namba yake kuwa jina la faili. Hufanya kazi vizuri endapo msimbopau umebandikwa mahali palipo bapa. Ukiwa juu ya lebo iliyojikunja, hukataa, na namba huandikwa kwa mkono. Haina sehemu ya kuhifadhi taarifa za lebo, kwa hiyo mahali, tarehe na jina la mkusanyaji tunaviingiza kwenye hifadhidata tofauti inayofuata Darwin Core, kiwango cha kupanga taarifa za viumbe, ambacho GBIF, mtandao wa kimataifa wa data za bioanuwai, hukitumia kupokea data. Sikioni hicho kuwa kilema, maana kila chombo na kazi yake.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kila taa ina swichi yake. Tulikuwa na lebo ya zamani ambayo wino wake ulikuwa umefifia kiasi kwamba namba ya mkusanyaji haikusomeka, na bila namba hiyo sampuli haikuweza kulinganishwa na nakala zake zilizotumwa hebariamu nyingine. Tulizima taa ya kulia, tukaishusha ya kushoto karibu na usawa wa karatasi, na mikwaruzo iliyoachwa na ncha ya kalamu ikapata vivuli. Namba ilikuwa 1147.