Kununua Siku ya Kazi Ufukweni Dar es Salaam: Wapi Fedha Yako Itatosha

Mkazi wa Dar es Salaam anayefanya kazi kwa njia ya mtandao, akiamua kuhamishia ofisi yake ufukweni kwa siku moja, hugundua mapema kwamba anachokwenda kununua si bahari. Anachonunua ni kiti chenye egemeo, meza isiyoyumba, kivuli cha kudumu, soketi yenye umeme na utulivu wa saa sita hivi, na vitu hivyo huuzwa kwa bei zinazotofautiana sana kuanzia Kigamboni hadi Kunduchi. Nimekuwa nikifanya hivyo mara mbili au tatu kwa mwezi, na bajeti yangu ni shilingi 30,000 kwa siku, nauli na chakula vikiwemo. Mpangilio ninaoutoa hapa unatokana na swali moja tu: kwa fedha hiyo, ni wapi nitafanya kazi kwa saa nyingi zaidi bila kusumbuliwa?

Nafasi ya kwanza naipa Mjimwema, Kigamboni, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Nauli yake ni ndogo, kwa kuwa ukishafika Kivukoni pantoni linakuvusha kutoka Magogoni kwa shilingi 200, na ng'ambo unakuta daladala na bajaji za kukufikisha Mjimwema. Anayetokea Temeke au Mbagala kwa gari anaweza kupita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, akilipa tozo. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni mwelekeo wa watu. Wakazi wa Kigamboni huvuka kuja mjini asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo wewe unayetoka mjini unasafiri kinyume chao mara zote mbili, na foleni kubwa ya kivuko unaiona ikiwa upande wa pili. Mwenye kubeba kompyuta mpakato begani anajua thamani ya kutobanwa na umati.

Sehemu kama Kipepeo na Sunrise zimejengwa kwa mabanda ya makuti yaliyotawanyika kwenye eneo pana, na katikati ya wiki wateja ni wachache kiasi kwamba hakuna anayekuharakisha kuondoka. Baadhi ya fukwe za upande huo hutoza kiingilio, hasa mwisho wa wiki, na baadhi hukirudisha kwa njia ya chakula au kinywaji. Uliza hilo getini kabla ya kutoa fedha, kwa sababu kiingilio kinachorudi mezani si gharama, bali ni chakula chako cha mchana ulichokilipia mapema.

Napenda kueleza kilichonitokea huko, maana kinaonyesha unachopaswa kukikagua. Nilifika saa tatu asubuhi, nikamkuta mama mmoja wa makamo akifuta kaunta. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia ninaomba meza iliyo karibu na umeme kwa kuwa nina kazi mpaka saa tisa. Hakunipeleka kwenye banda la mbele nililokuwa nikilitamani. "Soketi ya kwenye ile nguzo ilishaliwa na chumvi, mwanangu," alisema, "hii ya kaunta ndiyo nzima." Alivuta meza kutoka mchangani hadi kwenye sakafu ya saruji, akakunja kipande cha boksi na kukiweka chini ya mguu mmoja uliokuwa mfupi. Kutoka pale niliiona bahari kupitia kati ya nguzo mbili tu, lakini nilifanya kazi saa sita mfululizo. Tangu siku hiyo, popote nifikapo, huchomeka chaja ya simu kwenye soketi na kusubiri ionyeshe kwamba inachaji kabla sijaagiza hata maji ya kunywa, kwa kuwa ukishaagiza ni vigumu kuhama.

Nafasi ya pili ni hoteli za Mbezi Beach na Kunduchi, na kwa anayeishi Mwenge, Tegeta au Bunju huenda zikawa za kwanza kwa sababu ya nauli tu. Daladala za Barabara ya Bagamoyo hukushusha Africana au Mtongani, kisha unamalizia kwa bajaji. Hoteli nyingi za huku zina jenereta, meza zake ni za kukalia mtu wa kazi na vyoo vyake ni safi, ila chakula ni ghali zaidi kuliko Mjimwema, na pale ambapo mtu asiyelala hotelini hutozwa kiingilio mara nyingi huwa unalipia bwawa la kuogelea ambalo hutaligusa. Kwa shilingi 30,000 inawezekana, lakini utakula mlo mmoja na kuhesabu soda.

Ni ukanda huo ambako hoteli moja ilinigharimu kikao. Nenosiri la Wi-Fi lilikuwa limechapwa vizuri kabisa kwenye orodha ya vyakula, na asubuhi yote intaneti ilikwenda sawa. Saa nane umeme ukakatika, jenereta likaunguruma, feni zikazunguka, lakini intaneti haikurudi, kwa kuwa kifaa cha Wi-Fi hakikuwa kimeunganishwa na laini ya jenereta. Mteja wangu alisubiri dakika ishirini mtandaoni bila kuniona. Hakuna mhudumu aliyekuwa na kosa, na mimi sikuwa nimeuliza. Kwa hiyo sasa nauliza: umeme ukikatika, jenereta linawasha nini na nini? Mahali ambapo mhudumu anajibu swali hilo bila kwenda kumuuliza mtu mwingine, mimi hukaa kwa amani.

Hata hivyo, usitegemee Wi-Fi ya ufukweni peke yake. Nunua bando la kutosha na uwe na laini za mitandao miwili tofauti, kwa sababu mnara unaokamata vizuri Mbezi unaweza kuwa dhaifu Kigamboni. Kikao cha video hula takriban kati ya nusu GB na GB moja na nusu kwa saa, kutegemea ubora wa picha, ilhali kikao cha sauti peke yake hula sehemu ndogo sana ya kiasi hicho, hivyo kuzima kamera ni kuokoa fedha. Mafaili makubwa yapakue nyumbani usiku uliotangulia. Mei 2024, hitilafu kwenye nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari ilidhoofisha intaneti nchini kwa siku kadhaa, na laini ya pili haikuwa msaada mkubwa. Aliyekuwa na mafaili yake kwenye kompyuta ndiye aliyeendelea na kazi.

Pawabenki nayo inahitaji hesabu kabla ya kuinunua. Ile iliyoandikwa 20,000 mAh ina nishati ya takriban Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati), na kompyuta mpakato nyingi zina betri ya Wh 50 hadi 60, kwa hiyo, ukitoa nishati inayopotea kwa joto, utaijaza kompyuta mara moja tu. Hakikisha pia kwamba tundu lake la USB-C linatoa wati 65 au karibu na hapo, maana pawabenki ya simu ya kawaida haitaichaji kompyuta kabisa. Ekstensheni ya mita tatu inagharimu kidogo kuliko mlo mmoja wa hotelini na hukuongezea idadi ya meza unazoweza kuzichagua.

Jambo jingine ni jua. Fukwe za Mbezi na Kunduchi zinatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua hutoka baharini moja kwa moja: ukiitazama bahari linakupiga machoni, na ukiipa mgongo linapiga kioo cha kompyuta. Kaa ubavu, bega moja likielekea majini. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na kuingia kwenye kipaza sauti, hivyo chagua upande wenye ukuta au ukuti uliosukwa, na tumia spika za masikioni zenye kipaza sauti kilicho karibu na mdomo.

Nafasi ya tatu ni migahawa ya Msasani, hasa pale Slipway. Ningeiweka ya kwanza kama swali lingekuwa la umeme na intaneti tu, na siku nikiwa na kikao kisichoweza kuahirishwa ndiko ninakokwenda. Tatizo ni kwamba meza hulipiwa kwa kuagiza, na baada ya saa mbili kikombe kitupu huanza kuonekana. Huwezi kukaa saa sita pale kwa heshima bila kuagiza mara tatu, na kuagiza mara tatu kunaimaliza bajeti yangu kabla ya nauli ya kurudi. Vilevile hakuna mchanga wa kushukia. Uzuri wake ni wa jioni, kwa kuwa Slipway inatazama magharibi kwenye Ghuba ya Msasani na jua huzama upande wa maji, jambo ambalo fukwe nyingine nilizozitaja haziwezi kukupa.

Coco Beach ni ya nne, nami nasema hivyo nikiwa ninaipenda sana. Haina kiingilio, na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na dafu baridi vitakushibisha kwa fedha kidogo, lakini meza yenye kivuli na soketi haipatikani kwa wauza mihogo, na sehemu kama ile si ya kuacha kompyuta wazi huku unaongea na simu. Iende baada ya kazi.

Visiwa vya Bongoyo na Mbudya naviweka mwisho. Ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, kwa hiyo juu ya nauli ya boti kutoka Slipway au Kunduchi unalipa ada ya hifadhi, na ukishafika huko hakuna umeme wa gridi. Mhariri mwenye karatasi na kalamu atafurahi huko. Mwenye kikao cha saa tano asubuhi abaki bara.

Kuhusu siku ya kwenda, epuka Jumapili na sikukuu, kwa kuwa spika za muziki hufunguliwa tangu mchana. Kisha tazama mwezi. Maji ya bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Wakati wa maji mafu, yaani siku za mwezi nusu, mambo hugeuka, na anayemaliza kazi jioni hukuta ngalawa zimelala ubavu na maji yako mbali. Hivyo mimi huchagua siku ya bamvua iliyoangukia katikati ya wiki. Saa nne, bahari ikiwa imerudi nyuma na hakuna cha kukushawishi, unafanya kazi. Agizo la samaki unalitoa saa tano na nusu, mkiwa mmekubaliana bei kwa kumwona samaki mwenyewe, kwa sababu huuzwa kwa ukubwa na huchukua muda jikoni. Saa tisa na nusu unafunga kompyuta, unafuta chumvi kwa kitambaa kikavu, unaikabidhi kaunta badala ya kuiacha mezani, na unaposhuka mchangani maji yanakuwa yamekaribia ngazi.