Hela ya Mjerumani na senti kumi ya tundu: uanze kukusanya ipi?

Kwa utambuzi, senti kumi ya Afrika Mashariki ni rahisi zaidi, kwa kuwa jina la mfalme wa Uingereza liko upande mmoja na mwaka upande wa pili. Hata ya 1936 yenye jina la Edward VIII, aliyejiuzulu kabla ya kutawazwa, haina bei kubwa, kwani zilitolewa kwa wingi.

Hela, iliyotuachia neno tunalolitumia hadi leo, inadai jicho kali, kwani kiherufi kilichomo huonyesha mji ilikopigwa: A ni Berlin, J ni Hamburg, nayo T ya hela 20 za 1916 ni Tabora, ambako za shaba nyekundu zilipigwa chache kuliko za shaba ya njano.

Kwa utunzaji zinalingana: ukizisugua kwa limau, umeiondoa rangi anayoitafuta mnunuzi.

Mwenye fedha kidogo zitamfaa senti. Mwenye lenzi na subira, hela.