Palmer na Nicklaus: nani alijenga zaidi nje ya uwanja?

Kwa mataji ya gofu hakuna ubishi. Kati ya Wamarekani hawa wawili, Jack Nicklaus ana mataji makuu 18, Arnold Palmer 7. Mwaka 1962 pale Oakmont, klabu ya gofu ya Pennsylvania, Nicklaus, kijana wa miaka 22, alimshinda Palmer kwenye mchezo wa ziada wa kuamua bingwa wa U.S. Open, moja ya mashindano makuu ya gofu, mbele ya mashabiki waliokuwa upande wa Palmer, mtoto wa jimbo hilo.

Ukija kwenye pesa, Palmer ndiye anayenivutia. Zawadi zake zote za PGA Tour, msururu wa mashindano ya gofu ya kulipwa Marekani, hazikufika dola milioni 2. Lakini mwaka 1960 alipeana mkono na mwanasheria Mark McCormack awe wakala wake, na tangu hapo jina lake likawa mtaji: nguo, vifaa, hata chai baridi iliyochanganywa na maji ya limau. Mwaka 1971 aliinunua Latrobe Country Club, klabu ambayo baba yake alikuwa akitunza nyasi zake, na ambako yeye utotoni alicheza kabla wanachama hawajafika au wakishaondoka. Mafanikio hayo nayathamini kuliko kombe lolote.

Nicklaus alijikita zaidi katika kusanifu viwanja, na kampuni aliyoianzisha imechora mamia duniani.

Kwenye hisani wote waliwaelekea watoto wa Florida. Hospitali yenye jina la Palmer ilifunguliwa Orlando mwaka 1989. Nicklaus na mkewe Barbara walianzisha taasisi ya afya ya watoto mwaka 2004, na hospitali ya watoto ya Miami sasa inaitwa kwa jina lao.