Sekunde 12 za Ngomeni: uzoefu wangu na studio ya katuni hapa Malindi

Nimelipa Sh48,000 kwa katuni ya sekunde 12, na wakiniambia nirudi kesho nitarudi. Naanza na bei kwa sababu kila niliyemwonyesha ameniuliza hiyo kwanza. Studio yenyewe ni chumba kimoja ghorofani, mtaa wa Shela, vijana watatu ambao riziki yao hasa ni video za harusi na matangazo ya hoteli. Mimi niliwapelekea kazi ya aina nyingine: anime ya anga za juu kwa mtindo wa Japani wa miaka ya 1970, picha karibu ya mraba kama televisheni za zamani, rangi zilizopauka, chengachenga kidogo, na ndani yake ile roketi iliyoruka Ngomeni, pwani ya kaskazini mwa Malindi, tarehe 12 Desemba 1970.

Babu yangu aliiona kwa macho. Alikuwa kijana wa mashua, akivusha watu na vyakula hadi kwenye majukwaa ya Waitaliano yaliyosimama baharini kwa miguu ya chuma: San Marco la kurushia, Santa Rita la kuongozea mitambo. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 tangu ipate uhuru, na setilaiti ya Wamarekani iliyobebwa ikapewa jina hilohilo, Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, na vipimo vyake vilisaidia wanasayansi kuamini kwamba mashimo meusi, yale ya angani ambayo hata mwanga hauwezi kutoka, yapo kweli. Yote hayo yalianzia hapa kwetu, na watoto wanapita njia ya Gongoni kila siku bila kuambiwa. Inaniuma, ndiyo maana nilitoa pesa.

Dada mchoraji alinikalisha chini kabla ya kupokea arbuni. Filamu hupita fremu 24, yaani picha mojamoja, kwa sekunde, akasema, lakini studio za televisheni za Japani, kwa kubana muda na fedha, zilishikilia mchoro mmoja kwa fremu 3. Kwa hiyo sekunde moja ina michoro 8 tu, na ule mwendo wa kukatakata tunaoupenda unatoka hapo. Kwa sekunde 12 ingekuwa michoro 96. Bahari ya nyuma na jukwaa havikuhitaji kuchorwa upya kila mara, basi wakamaliza kwa 61. Ukienda, usiwaombe mwendo laini. Utalipa zaidi na ule uzamani utapotea.

Rasimu ya kwanza ilikuwa ya usiku, nyota tele, moto wa roketi ukimulika maji. Nzuri mno. Nikampelekea babu kwenye simu. Akatazama, akanirudishia. "Mjukuu wangu, ilikuwa mchana. Tulikuwa tumeshaswali adhuhuri." Na kweli, kumbukumbu za urushaji zinaonyesha ilikuwa karibu saa nane mchana kwa saa za hapa. Nilidhani dada yule atakasirika. Badala yake aliomba azungumze naye, akamwamkia, akamuuliza rangi ya maji, upepo, moshi ulilalia wapi. Babu akamwambia kaskazi ilikuwa imeshika, na roketi ilielekea baharini, mashariki, kwa hiyo ukiwa Malindi unatazama Ngomeni lazima ilalie mkono wa kulia. Wakaanza upya. Sasa katuni inaanza kwenye jua kali, dau linapita mbele, roketi inapanda, na mbingu inakolea kutoka samawati hadi nyeusi kadiri hewa inavyopungua. Nyota zinatokea huko juu, mahali pake.

Hizo nyota hazikuchorwa kwenye kompyuta. Nilimkuta ameweka karatasi nyeusi ya manila juu ya kioo, taa chini yake, anatoboa tundu mojamoja kwa sindano ya mama yake anayeshona kofia. Sindano nyembamba kwa nyota za mbali, nene kwa za karibu, kisha juu yake kitambaa chepesi ili mwanga utawanyike. Ndivyo mng'ao ulivyopatikana zamani: mwanga wenyewe unapita tundu na kuingia kwenye kamera, si rangi nyeupe. Zamani walirudisha filamu nyuma na kupiga mara ya pili. Yeye alipiga picha kisha akaiweka juu ya michoro kwa programu. Tofauti unaiona hata kwenye simu.

Sasa malalamiko. Roketi ya kwanza waliichora nene, yenye mabawa, ilhali nilishawapa picha ya Scout, roketi yenyewe iliyoruka siku ile, nyembamba kama penseli, ya hatua nne, yaani vipande vinne vinavyowaka kwa zamu. Wakanitoza Sh4,000 za kurekebisha, ambazo zimo katika bei niliyotaja. Hilo halikuwa haki na nilimwambia mwenye studio. Pia waliahidi wiki 3, zikawa 7, kwa sababu msimu wa harusi ulipoanza mimi niliwekwa kando na simu hazikupokelewa. Andikianeni tarehe.

Setilaiti yenyewe, mwishoni, karibu haisogei. Uhuru ilichukua dakika 12 kujizungusha mara moja, kwa hiyo walikataa kuizungusha kama pia ya kuchezea watoto. Mwanga wa jua tu ndio unaoteleza juu ya yale mabawa yake manne ya kunasa jua.

Sauti ndiyo ilirekebishwa mwisho, bila malipo. Walikuwa wameweka mngurumo pamoja na moto. Babu alisema wao waliokuwa ufukweni waliona kwanza, kimya, hadi mtu mmoja akauliza kama imeharibika, ndipo kishindo kikawafikia. Katika nakala niliyo nayo moto unawaka, dau linaendelea na safari yake, na unasikia upepo tu kwenye tanga kwa sekunde 3 nzima.